Sare za Kukeshea: Safari ya Fundi Cherehani Dodoma

Mteja aliyeniagiza sare alinipa sharti moja tu kwenye simu: "Fundi, mguu upite. Sisi tunacheza mpaka asubuhi." Kazi ilipokamilika sikutaka kuzituma kwa basi. Nilikata tiketi ya SGR, treni ya umeme, kutoka Dar es Salaam nikazipeleka mwenyewe, maana nilitaka kuziona zikiwa kazini. Tangu treni hii ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima inaisha kwa saa nne hivi. Ukishapita mahandaki ya Kilosa, kijani kinapungua, mibuyu inaanza, na upepo mkavu unakupokea ukishuka tu.

Nashonea watu wa shughuli, na mavazi ya wanaokesha wakicheza nayafuatilia hata ya mbali. Uingereza mwaka 1988, vijana walipoanza kukesha kwenye maghala na mashambani kwa muziki wa acid house, mtindo uliozaliwa Chicago, waliacha mashati ya kupiga pasi na viatu vya ngozi. Wakavaa fulana pana, suruali za kupwaya, raba na kofia, na fulana ya njano yenye uso unaotabasamu ikawa alama yao. Watu husema ilikuwa fasheni tu. Mimi naona jasho. Ukicheza usiku kucha katikati ya umati, nguo ya kubana inakutoa uwanjani kabla miguu haijachoka.

Shughuli ilikuwa Chang'ombe, mkesha wa harusi, turubai limefungwa kuvuka njia na spika zimepangwa kuegemea ukuta. Baridi ya Julai ya Dodoma si ya kudharau. Akina mama walifika na makoti juu ya sare zangu, wengine wamejitanda mashuka. DJ alianza na taarabu, taratibu, watu wanasalimiana na kula. Kisha akaingia singeli.

Muziki huu ulitoka uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, na mwendo wake ni wa ajabu. Muziki wa house hupiga mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika. Singeli inavuka 200, na zipo zinazokaribia 300. Nilikaa karibu na spika nione mwili unaifuataje. Miguu haiifuati yote. Nyayo zinakimbia kwa hatua fupi fupi zisizotoka mahali, kiuno kinachukua pigo moja na kuacha moja, mabega yametulia kabisa. Ndipo nilipoelewa sharti la simu. Dera ni pana, lakini hatua za namna hiyo zinavuta kitambaa kwenye goti, na lile lisilo na mpasuo huishia kupandishwa na kushikwa mkononi. Madera yangu yalikuwa na mpasuo pande zote mbili. Juu yake wakafunga kibwebwe cha kanga, kikakazwa chini ya kiuno, ili kila mkato uonekane. Makoti yalikuwa yamerundikwa kwenye viti zamani. Vijana wa kiume walivaa jezi, pensi na raba, na vumbi liliwafika magotini.

Wanaokitazama kigodoro, yaani mkesha wa mtaani kama huu, kwa mbali huona fujo. Ndani kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Duara halivunjwi, anayetaka kuonyesha anaingia, anacheza, anatunzwa, anatoka. Noti hubandikwa kwenye paji la uso au huwekwa mkononi, na mtu hatunzi kwa kumshika mchezaji pasipostahili. Mashangazi walisimama nyuma ya wasichana wakiwa na ndoo ya maji. Kijana mmoja alipoinama na simu yake kurekodi chini ya kiuno cha binti, shangazi alimwambia, "Mwanangu, weka hiyo mfukoni," na akaiweka.

Najua viongozi wamevipiga marufuku vigodoro zaidi ya mara moja, na palipo na kuvuana nguo mbele ya watoto siwezi kutetea. Uingereza nao walifika huko: sheria ya mwaka 1994 iliwapa polisi nguvu ya kuvunja mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi, ikautaja hadi muziki wenye mapigo ya kujirudiarudia. Kukataza mdundo ni rahisi kuliko kukaa na wachezaji. Chang'ombe mwenye shughuli alikuwa na kibali cha serikali ya mtaa na alipita kwa majirani nyumba kwa nyumba. Hilo ndilo ningependa lidaiwe kwa kila mkesha.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Chamwino, kwa jamaa za bibi harusi. Pale ngoma ya muheme hupigwa na wanawake wenyewe, wamesimama, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, viganja vinapiga huku mwili unacheza. Jaribu kuifanya hiyo kwa sketi nyembamba! Shuka zao zilikuwa zimefungwa kuacha paja lifunguke, na shanga zimekazwa zisirukeruke. Nikawaambia kwamba Marekani, miaka ya 1990, vijana wa mikesha walikuwa wakitunga bangili za shanga za plastiki na kubadilishana na mtu waliyekutana naye kwenye dansi. Bibi mmoja aliniuliza kama walikuwa wanazirudisha. Nikamwambia hapana, bibi, zilikuwa zako moja kwa moja. Akatikisa kichwa kwa kukubali.

Kisha akalishika dera nililovaa, akageuza mshono, akavuta kwapa kwa nguvu. "Hapa patachanika mtu akiinua mikono kupiga," alisema. Ni kweli, mchezaji wa singeli hainui mikono sana, mpiga ngoma anainua. Tukakubaliana blauzi za kundi lake ziwe na kipande cha pembe nne chini ya kwapa na mikono iishie juu ya kiwiko. Nikatoa futi, nikaanza kumpima yeye, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake.