Safari ya Wanafunzi Hell's Gate: Ninavyoipanga, na Ninachokiandika Kabla Basi Halijaondoka

Mwalimu anayepeleka wanafunzi nje kwa mara ya kwanza huniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba wazazi wote wameshatia sahihi. Sahihi zinahitajika, lakini kazi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mzazi anayesaini fomu anakubali mtoto aende mahali fulani, siku fulani, akafanye jambo fulani. Hajakubali mtoto atunzwe kwa uzembe. Ule mstari unaochapishwa chini ya fomu nyingi, kwamba shule haitawajibika kwa lolote litakalotokea, haumnyang'anyi mtoto aliyeumia haki yake. Kwenye fomu zetu nimeufuta. Ubaya wake mkubwa ni kwamba walimu wakishausoma hujiona wamekingwa, na mtu anayejiona amekingwa hulegeza macho.

Kinachopimwa mahakamani ni kama mwalimu alimwangalia mtoto jinsi mzazi makini angemwangalia wa kwake. Kipimo hicho kilitamkwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1893, na Kenya ilikirithi pamoja na kanuni nyingine za sheria ya Kiingereza inayotokana na hukumu za majaji. Na kwa kuwa mwalimu yuko kazini, uzembe wake hauishii kwake. Shule nayo huubeba. Maswali yanabaki mawili tu. Je, hatari hiyo ingeweza kuonekana mapema? Na baada ya kuonekana, mlifanya nini? Maandalizi yangu yote ni majibu ya maswali hayo mawili, yaliyoandikwa na kutiwa tarehe kabla ya safari. Karatasi iliyoandikwa baada ya ajali haina uzito wa ile iliyoandikwa wiki mbili kabla.

Natumia Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyoko Naivasha, kama mfano kwa sababu shule nyingi za Nairobi na Nakuru huenda huko kwa somo la jiografia, na kwa sababu hatari yake kubwa inajulikana na ina tarehe. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa kwenye korongo la Ol Njorowa baada ya maji kuwakuta ndani. Tarehe 1 Septemba 2019 wakafa tena watu saba, mwongozaji wao akiwa miongoni mwao, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo. Baada ya matukio hayo mawili, hakuna mratibu anayeweza kusimama na kusema hakujua.

Maji ya pale hayatoki juu ya vichwa vya waliomo ndani. Mvua hunyesha mbali, kwenye miinuko ya juu, na maji yote hukusanyika na kuingia kwenye mfereji mmoja mwembamba wenye kuta za mwamba. Jua linaweza kuwa linawaka juu yenu huku mafuriko yakiwa njiani. Kwa hiyo kuangalia anga iliyo juu yenu pekee siyo tahadhari. Tahadhari yangu ni sharti lililoandikwa: kama mvua imenyesha katika eneo lile usiku wa kuamkia safari, au mawingu mazito yanaonekana upande wowote wa upeo, korongoni hatuingii. Siku moja kabla napiga simu kwa ofisi ya hifadhi kuuliza kama korongo limefunguliwa na kama mvua imenyesha. Naandika saa niliyopiga, cheo cha aliyenijibu na alichosema. Asubuhi tukifika getini nauliza tena. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, korongo silitii kwenye ratiba hata kidogo. Tunabaki juu, kwenye nguzo ya Fischer, ule mwamba mrefu wa volkano, na miamba ya pembeni, na somo la volkano linafundishika vizuri tu.

Sharti hili lazima liandikwe pamoja na mpango mbadala. Penye mpango mmoja tu, mwalimu aliyefika na wanafunzi 45 waliolipa na kuamka alfajiri hushindwa kusema hapana. Kila anayemzunguka anamsukuma: wanafunzi wanalalamika, mwongozaji anataka malipo yake, dereva anasema jana kundi lingine liliingia salama. Ukishawaeleza wazazi kwenye barua kwamba korongo linategemea hali ya mvua na kwamba kuna shughuli nyingine tayari, kusema hapana kunakuwa ni kufuata ratiba.

Tukiingia, tunaingia kabla ya saa nne na nusu asubuhi na tunatoka kabla ya saa saba mchana, kwa sababu mvua za ukanda ule hupenda kuja alasiri. Kila kundi lina mwongozaji wake. Kabla ya kushuka namtaka aonyeshe kwa kidole, mbele ya wanafunzi, sehemu za kupandia kutoka korongoni, na ndani anazionyesha tena kila tunapozipita. Amri ni moja na haina mjadala: filimbi ikipulizwa mara tatu mfululizo, kila mtu anapanda sehemu iliyo karibu, begi linaachwa, simu haitolewi. Mwalimu mmoja habanduki juu, akiwa na simu na orodha ya majina, maana mtandao chini hautegemeki. Tukichelewa kutoka dakika 30 kupita saa tuliyokubaliana, anawajulisha askari wa hifadhi bila kusubiri. Mwamba ukiwa na unyevu huteleza, na kuna mahali maji ya chemchemi ni moto wa kuunguza, kwa hiyo viatu ni vya kufunga vyenye soli ya meno. Aliyekuja na ndala anabaki juu na mwalimu.

Baiskeli hukodishwa karibu na geti, na ni furaha ya kweli kwa watoto. Mimi naziruhusu kwa kidato cha tatu na cha nne tu, kwa kofia ngumu, na baada ya kila breki kujaribiwa mbele yangu: isukume mbele, bana breki ya mbele, kisha ya nyuma, gurudumu likiendelea kuzunguka, inarudi kwa mwenyewe. Nyati wako ndani ya hifadhi na nyani hufuata chakula, kwa hiyo hakuna anayetangulia mwalimu wa mbele wala kubaki nyuma ya mwalimu wa mwisho.

Basi ndilo linalonikosesha usingizi kuliko korongo. Kwenye ajali ya Karatu ya Mei 2017, upande wa Tanzania, zaidi ya watu 30 walikufa njiani, wengi wao wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Hawakuwa wakipanda mlima wala kuvuka mto. Barabara yetu ya kwenda Naivasha ina mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa, ambako breki hupata joto na malori hushindwa kudhibitiwa.

Hati za gari nazitaka siku saba kabla, maana siku mbili hazitoshi kutafuta gari jingine. Nataka cheti cha bima, cheti cha ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na leseni ya dereva ya daraja linalolingana na gari. Basi la abiria 33 au zaidi linahitaji D3. Halafu nasoma bima yenyewe, na hapa ndipo shule nyingi huanguka bila kujua. Basi la shule jirani linalokodishwa kwetu kwa pesa laweza kuwa na bima inayosema gari ni la matumizi ya mwenyewe tu. Siku ya ajali kampuni ya bima itasema gari lilikuwa likifanya biashara na kukataa dai. Kwa hiyo naomba barua ya kampuni ya bima inayokubali safari hiyo mahususi ya kukodi, yenye tarehe na njia. Tena, sheria ya Kenya ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Fidia ikizidi hapo, mwenye gari na wengine waliopatikana na hatia ya uzembe ndio wanaodaiwa iliyobaki. Kwa sababu hiyo tunanunua pia bima ya ajali ya wanafunzi kwa kila safari, na orodha ya majina inayopelekwa kwa bima ndiyo ileile inayopanda basi. Mwanafunzi aliyeongezwa asubuhi bila kuwemo kwenye orodha hapandi, hata kama mzazi wake amesimama pale na pesa mkononi. Inauma, lakini mtoto huyo atakuwa nje ya bima.

Kiti kimoja ni mtoto mmoja na mkanda mmoja. Watatu kwenye viti vya wawili, hata wakiwa wembamba, ni kupakia kupita kiasi. Sheria ya usafiri wa wanafunzi inakataza kuwasafirisha kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mimi nimeweka mpaka mkali zaidi, magurudumu yasimame kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ili hilo litimie, basi linaondoka Naivasha saa tisa alasiri, chakula kikiwa kimeisha au hakijaisha.

Kuhusu afya, fomu yenye swali "mtoto wako ana ugonjwa wowote?" huleta jibu la "hapana" hata kwa mwenye pumu. Nauliza kwa majina: pumu, kifafa, selimundu, kisukari, mzio wa nyuki au chakula, upasuaji wa karibuni, dawa anazotumia sasa. Mwenye selimundu huhitaji maji mengi na mwendo wa polepole, naye hatuachi nyumbani; tunampangia. Mwenye pumu asiye na inhela mkononi hapandi basi mpaka iletwe. Taarifa hizi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo zinabebwa na watu wawili tu, kiongozi wa safari na mtoa huduma ya kwanza, ndani ya bahasha. Kuzitupia kwenye kundi la WhatsApp la walimu ni kosa jipya juu ya yale mengine. Maji nahesabu lita 2 kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na ndani ya basi dumu la lita 20 la akiba.

Uwiano wangu ni mtu mzima mmoja kwa wanafunzi 10 mahali pa wazi, na mmoja kwa 6 korongoni. Dereva simhesabu. Mwongozaji pia simhesabu, kwa sababu kazi yake ni njia na yangu ni watoto. Kila mwanafunzi ana namba, na tunahesabu kwa kuitana namba kwa sauti; kuhesabu vichwa kwa macho hudanganya, maana watoto husogea. Tunahesabu kabla ya basi kuondoka, kila linaposimama, getini, juu ya korongo, baada ya kutoka, baada ya chakula. Tahadhari kubwa iwe kwenye vituo vidogo: choo cha petroli, sehemu ya kutazamia Bonde la Ufa, duka la ng'ambo ya barabara. Hapo walimu wamechoka, wanazungumza wao kwa wao, na mtoto anavuka barabara kuu kufuata soda.

Halafu kuna kile kituo cha nyongeza. Mtu husema, kwa kuwa muda upo, tupitie hotelini watoto waogelee kidogo. Naomba kila mwalimu anayesoma hapa akatae hili. Kuogelea hakumo kwenye fomu ya mzazi, hakumo kwenye kibali cha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, huenda hakumo kwenye bima. Hujui nani anaweza kuogelea, hujui kina cha bwawa kinaanzia wapi, mara nyingi hakuna mwokoaji, na mtoto anayezama hapigi kelele. Huzama kimya katikati ya wenzake wanaocheka. Shughuli isiyoandikwa kwenye mpango haifanyiki siku hiyo. Ikionekana nzuri, itapangwa muhula ujao.

Jambo likitokea, mtoto kwanza: huduma ya kwanza, kisha 999 au 112, na namba ya hospitali ya Naivasha tuliyoihakikisha kabla. Mwalimu mmoja anafuatana na majeruhi, hata ikibaki uwiano umevurugika na shughuli nzima ikafungwa. Mkuu wa shule anampigia mzazi kabla picha hazijasambaa. Simu za wanafunzi zinakusanywa kwa muda huo. Jioni ileile kila mtu mzima anaandika peke yake alichokiona: saa, mahali, nani alikuwa wapi. Sababu haziandikwi, wala lawama, wala ahadi ya kulipa, kwa kuwa bima zina sharti la kujulishwa mapema na bila shule kukiri dhima. Kumwambia mzazi pole na kumtembelea hospitalini siyo kukiri. Nimeona shule zikimkwepa mzazi kwa kuogopa kesi, na ukimya huo ndio uliompeleka kwa wakili.

Hata pasipoumia mtu, naandika nusura zote, yaani mambo yaliyokaribia kuwa ajali: mkanda uliokatika, namba iliyokosekana kwa dakika nne, mwongozaji aliyechelewa. Faili ya safari ina fomu, hati za gari, kumbukumbu za simu, orodha za kuhesabu na taarifa hizo za nusura. Muda wa kudai fidia ya majeraha kwa kawaida ni miaka 3, lakini kwa mtoto unaweza kurefuka kwa sababu ya umri wake, kwa hiyo faili inafungiwa kabatini mpaka mdogo kuliko wote kwenye orodha atimize miaka 22. Mratibu wa safari inayofuata huanza kazi kwa kuifungua na kusoma ukurasa wa nusura.