Magari yaliyoshinda Safari, na cha kuiga kwenye barabara za Kanda ya Ziwa

Mwaka 1968 magari 93 yalianza Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki, yakamaliza 7. Miaka mitano kabla yake, 1963, yalimaliza 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na mara zote mbili gari lake lilikuwa Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda mfululizo, naye kwa 404 hiyohiyo. Ushindi wa namna hiyo hauji kwa bahati.

404 haikuwa gari la kasi kubwa. Nguvu yake ilikuwa springi: ndefu, laini, zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Gurudumu lilizama shimoni na kutoka bila bodi kupigwa. Wengi wanaoinua magari Mwanza hufanya kinyume chake. Wanaweka springi ngumu, au vipande vya kuinulia juu ya shokapu, basi gari linaonekana refu lakini gurudumu halina pa kwenda. Ukizidisha sentimita 3 hivi kwenye gari dogo, sivi-jointi, yaani viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, grisi inatoka, vumbi la moramu linaingia, na muda si mrefu unasikia mlio wa ta-ta-ta ukikata kona. Springi ya urefu wa kiwandani ambayo haijachoka ni bora kuliko kipande cha alumini.

Kwa mtu wa kanda hii, bingwa wa kukumbukwa kuliko wote ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Alishinda mara tano: 1973 kwa Datsun 240Z, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982 akiwa na Datsun aina ya Violet. Violet ilikuwa saluni ya kawaida kabisa, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mehta alijua mahali pa kupunguza mwendo. Joginder Singh naye alishinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa mtumba: ilikwishashiriki Safari ya mwaka uliotangulia, naye akainunua na kuitengeneza upya. Aliongeza ushindi mwingine 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Miaka ya 1990 ndiyo yenye magari ambayo ndugu zake tunayaona kila siku Buzuruga na Igoma, hapa Mwanza. Toyota Celica GT-Four ilishinda 1990 mikononi mwa Björn Waldegård, 1992 kwa Carlos Sainz, 1993 kwa Juha Kankkunen, na 1994 kwa Mkenya Ian Duncan. Mwaka 1993 Celica zilichukua nafasi nne za kwanza. Sainz akawa bingwa wa dunia 1990 na 1992, Kankkunen 1993, Didier Auriol 1994, wote kwa Celica. Injini yake, 3S-GTE, ni ya ukoo mmoja na 3S-FE iliyomo kwenye RAV4 za mwanzo na baadhi ya Carina. Bloku ni ya chuma cha kusubu, inastahimili joto. Na kwenye 3S-FE taiming belti ikikatika, gari linazimika tu. Valvu hazigongi pistoni.

Kwa Subaru usitegemee huruma hiyo. Impreza iliyompa Colin McRae ubingwa wa dunia 1995, na ushindi wa Safari 1997, ilitumia EJ20 yenye tabo: silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Subaru ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Ukiagiza Impreza au Forester yenye injini ya EJ20 kutoka Japani, taiming belti ibadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na rola zake na pampu ya maji, maana kuifikia pampu hiyo ni lazima belti itolewe. Kama hujui ilibadilishwa lini, badilisha sasa. Ikikatika, valvu zinapinda na silinda hedi zote mbili zinafunguliwa.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi kwa wenye Subaru ni la tairi. Mtu anapasua moja, ananunua mtumba mmoja, anaendelea na safari. Gari linalosukuma magurudumu manne linataka tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Tofauti ya mzunguko kati yake isizidi milimita 6. Ikizidi, mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma unasuguana muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, unapata joto, unakufa. Dalili yake: gari linajivuta kama limeshikwa breki ukikata kona kali polepole. Pima kwa futi ya kamba ukizungusha kwenye tairi. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.

Kuna pia lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele kwenye magari ya Safari. Si pambo. Magari madogo mengi huvuta hewa nyuma ya taa ya mbele, chini kabisa, na mto Mirongo ukifurika maji hufika hapo upesi. Hewa inabanwa ndani ya silinda, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kinachopinda ni konrodi, mkono unaoisukuma pistoni.

Gari likizima majini, usilipige stata hata mara moja. Lisukume hadi pakavu. Fungua chujio la hewa. Likiwa kavu, tatizo huenda ni umeme tu. Likiwa limelowa, toa plagi zote na uchomoe fyuzi ya pampu ya mafuta, ndipo upige stata kwa sekunde chache hadi maji yaache kuruka kwenye matundu. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni karibu na chesisi, utahitaji kiunganishi kifupi cha spana. Kisha chomoa dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage, weka mpya, washa injini iungurume dakika kumi, halafu imwage tena pamoja na filta. Gari likiwaka lakini likigonga au kutetemeka, huenda konrodi imekwishapinda, zima, lifunguliwe.

Kiangazi adui ni vumbi. Kwenye moramu ya vijiji vya Sengerema au Magu, kagua chujio la hewa kila kilomita 5,000. Upepo wa kompresa upulizwe kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Washa taa mchana ukiwa ndani ya vumbi, kama walivyofanya madereva wa Safari, maana taa zile zilikuwa za kuonwa zaidi ya kuona.

Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sasa ikiwa Naivasha, Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Shokapu ya nyuma ikavunjika, Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota Yaris. Gari lile lilikuwa na timu nzima ya mafundi. Lako lina macho yako, kwa hiyo kila unapobadilisha oili tazama shokapu nne: yenye oili inayochuruzika kwenye mti wake imekwisha, na zibadilishwe mbili mbili za ekseli moja. Kamata pia gurudumu juu na chini ukilitikisa likiwa limeinuliwa na jeki. Likicheza, bol-jointi au beringi imekufa, na hiyo haisubiri mwisho wa mwezi.