Sindano za mguuni na tumbo la hedhi: niliyoyapata Chengdu

Vidonge vya maumivu ndivyo vilivyonipeleka kwenye sindano za Kichina, yaani akupancha. Tangu nivunje ungo, siku ya kwanza ya hedhi kwangu ilikuwa siku ya kulala: tumbo la chini linakaza na kuachia, kiuno kinavuta, mapaja yanauma mpaka magotini, na juu yake kuhara na kutapika. Kwetu Tanga tunaliita chango, na kila mtu mzima ana dawa yake. Mama alinichemshia tangawizi na mdalasini, akanikanda kwa chupa ya maji ya moto, akamalizia na lile neno lao: "Vumilia mwanangu, ukizaa litaisha." Nilipofika chuo Dar nikahamia kwenye diclofenac, kidonge cha kutuliza maumivu. Ilinisaidia kweli, ila miaka ya kumeza ikaniachia kiungulia na maumivu chini ya chembe ya moyo, na daktari akanionya nipunguze dawa za jamii hiyo kabla sijapata vidonda vya tumbo. Muda si mrefu nikapata ufadhili wa kusoma uzamili Chengdu, jimbo la Sichuan.

Aliyenisukuma ni mwenzangu wa chumba, mtu wa Lubumbashi aliyenitangulia China. "Dada, huku wanatibia na sindano. Twende tu, utaona." Sikuwa na imani hata chembe. Nasomea uhandisi wa maji. Ukiniambia bomba limeziba hapa, halafu ukaenda kufungua koki ya nyumba ya tatu, lazima nikuulize kwa nini.

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa ya tiba ya Kichina, lakini kabla ya sindano walinipeleka ultrasound. Hapo waliniridhisha. Hawakuona uvimbe kwenye kizazi wala kwenye mifuko ya mayai, na kwa maelezo niliyotoa, daktari akaamua kwamba ni maumivu ya hedhi yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaojitibu chango miaka kumi kumbe wana fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, au endometriosi, yaani nyama zinazofanana na utando wa kizazi kuota nje yake, ambayo hata ultrasound ya kawaida inaweza isiione. Kama maumivu yako yameanza ukubwani, yanazidi kila mwaka, yanakuja hata nje ya siku zako au wakati wa tendo la ndoa, usianze na sindano wala tangawizi. Anza na daktari wa wanawake.

Daktari wangu alikuwa mama wa makamo. Alinishika mapigo mikono yote miwili kwa vidole vitatu, akaniambia nitoe ulimi, akauliza damu ina rangi gani na kama ina mabonge. Kisha akatoa sharti: nije wiki moja kabla ya tarehe zangu, nisisubiri mpaka nimeshajikunja kitandani.

Sindano zenyewe hazifanani na za zahanati. Ni nyembamba mno, yapata robo ya milimita, hazina tundu wala dawa ndani. Zinakuja kwenye kijipaketi cha kutumia mara moja na kutupa, kila moja na mrija wake wa plastiki. Daktari alipima vidole vinne juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, nyuma ya mfupa wa ugoko. Akasimamisha mrija, akagonga kwa kidole, sindano ikazama na sikusikia kitu cha maana. Kazi ilianza alipoanza kuizungusha taratibu. Ukaja uzito fulani, mguu umejaa, unashuka mpaka kisigino. Wachina wanauita deqi, na daktari alikuwa akinitazama usoni kuusubiri. Nilipokunja uso kwa mchomo mkali, aliirudisha juu kidogo na kuielekeza upya. Nyingine akachoma chini ya goti na chini ya kitovu, akaniwashia taa ya joto juu ya tumbo, akaondoka. Chumba kizima kilinuka moshi wa mitishamba wanayoichoma karibu na ngozi. Nililala usingizi.

Nilimuuliza, mwanafunzi wake akitafsiri, sindano ya mguuni inafikaje kwenye kizazi. Akajibu kwa elimu yake: pale zinakutana njia tatu, ya wengu, ya ini na ya figo. Niliheshimu jibu, ila nikaenda kusoma mwenyewe. Nilivyoelewa mimi, ikiwa sindano inafanya kazi, sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyikia kwenye uti wa mgongo na kichwani.

Maumivu yanaanzia kwenye kizazi, hilo halina ubishi. Utando wa ndani unapobomoka unatoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Misuli ya kizazi inakaza, mishipa ya damu inabanwa, nyama zinakosa oksijeni, neva zinapiga kelele. Kemikali hizohizo zikigusa utumbo ndiyo kuhara kule. Ibuprofen na diclofenac zinazuia zisitengenezwe, na ndiyo maana zinafanya kazi vizuri ukizimeza mapema kuliko ukisubiri kemikali hizo zijae mwilini.

Lakini neva zikishapiga kelele, ubongo ndio unaoamua sauti isikike kwa ukubwa gani. Mwaka 2010 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba wanawake wenye maumivu makali ya hedhi wana tofauti kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu, hata siku ambazo hawaumwi. Niliposoma hilo nilikumbuka walimu wa bweni waliotuambia tunadeka.

Neva inayopita pale kwenye kifundo, ya tibia, inaingia kwenye uti wa mgongo kwa chini, na sehemu ya mizizi yake inachangia ngazi moja na neva za nyonga. Huko taarifa zinakutana kabla hazijapanda juu. Zikipanda, ubongo una dawa zake. Miaka ya 1970, mtafiti Han Jisheng wa Beijing aliwachoma sungura sindano, akachukua majimaji yanayozunguka ubongo wao na kuwapa sungura wengine ambao hawajachomwa, na hao nao wakavumilia maumivu zaidi. Kulikuwa na kitu ndani ya yale majimaji. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani wakaona kwamba naloksoni, dawa inayozuia mofini, inapunguza pia nafuu ya sindano. Kwa hiyo inaelekea ni endorfini, mofini ya mwili wenyewe.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa Kathleen Hui na wenzake wa Boston, wa mwaka 2000. Waliwaweka watu wazima wenye afya kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, huku wamechomwa sindano mkononi. Waliosikia ule uzito, sehemu zao za ubongo zinazoshika hofu na kumbukumbu, amigdala na hipokampasi, zilitulia. Waliosikia mchomo mkali, zilipanda. Nikaelewa kwa nini yule mama alikuwa haniondolei macho usoni.

Na kwangu ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti ya kutangaza. Miezi iliyofuata kutapika kukakoma, na tumbo likawa linauma bila kuniangusha. Ila lililobadilika kabla ya yote ni hofu. Zamani nilikuwa nahesabu tarehe tangu wiki moja nyuma, mabega yamekaza, silali. Hilo liliondoka kabla maumivu hayajapungua.

Wabishi wana hoja, na mimi ni mmoja wao. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalisema ushahidi wa sindano kwa maumivu ya hedhi hautoshi kuamua, kwa sababu tafiti nyingi ni dhaifu. Sindano za kuigiza mara nyingine zinasaidia karibu sawa na za kweli. Na mwaka 1978 ilionekana kwamba hata dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, mtu akiiamini, inaamsha endorfini zilezile. Inawezekana basi nusu ya nafuu yangu ni ile taa ya joto, kulala pale kwa utulivu, na mtu mzima aliyenisikiliza bila kuniambia nizae. Sioni aibu kwa hilo. Aliyewahi kukumbatia ndoo siku ya mtihani hataniuliza nafuu ilitokea mlango gani. Ninachokataa ni mtu kuuza sindano kana kwamba zinatibu kila kitu, au kumwambia msichana atupe vidonge vyake.

Mimi sikuvitupa. Namba ya vidonge ndiyo iliyoshuka: ibuprofen, baada ya kula, dalili zinapoanza tu, na mara nyingi siku ya kwanza inatosha. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo, hata hiyo ni ya kumuuliza daktari.

Sasa nimerudi Dar na siendi tena kwenye sindano kila mwezi. Gharama na foleni haziniruhusu. Nabonyeza kwa dole gumba palepale vidole vinne juu ya kifundo, mguu huu kisha ule, mpaka uzito uje, jioni kadhaa kabla ya tarehe. Ni hafifu kuliko sindano, ila ni bure. Mdogo wangu wa kike naye ana chango, na nimemfundisha baada ya kumpeleka ultrasound kwanza. Mama bado anamchemshia tangawizi, nami simkatazi, maana hata Chengdu walikuwa wananipa tangawizi na sukari nyekundu. Ukitaka kwenda kuchomwa, hakikisha paketi ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yako, na kama una ujauzito au unahisi unao, sema kabla hujapanda kitandani, kwa sababu sehemu ile ya mguuni waganga wa Kichina wenyewe hawamchomi mjamzito.