Siku moja maishani mwangu: kula ili misuli iongezeke

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Natoka chooni, napanda kwenye mizani kabla hata ya kunywa maji. Kilo 64.2. Jana ilikuwa 64.9. Tofauti hiyo ni maji, chumvi na chakula cha jana, kwa hiyo namba ya siku moja siipi uzito. Ninachokitazama ni wastani wa wiki, na leo ndiyo siku ya kuupiga. Nataka upande kwa asilimia 0.25 hadi 0.5 kila wiki, yaani gramu 160 hadi 320 kwa uzito wangu. Ukipanda haraka zaidi, sehemu kubwa ya nyongeza huwa mafuta. Wastani umeganda wiki ya pili sasa. Maana yake kalori 2,900 ninazokula kwa siku zinanitosha kubaki nilivyo tu, basi kuanzia leo naongeza 200.

Saa kumi na mbili. Kifungua kinywa nakinywa. Oti vijiko vikubwa sita nazisaga kavu kwenye blenda mpaka ziwe unga, ndipo natia maziwa yenye mafuta yake, karibu nusu lita, ndizi iliyoiva na siagi ya karanga. Ukianza na maziwa, oti zinabaki chembechembe na kumeza kunakuwa kazi. Siagi ilikuwa vijiko viwili; leo vitatu. Kijiko hicho kimoja ni kama kalori 95, karibu nusu ya deni la leo. Glasi yote inapita kalori 800, na protini gramu 30 hivi. Chakula hichohicho ningekitafuna, kingenikaa tumboni hadi mchana. Nikikinywa, saa nne nina njaa, na njaa hiyo naihitaji.

Saa mbili. Kazini. Nafanya kazi ghalani: kupakua, kupanga, kutembea kutwa. Kazi ya namna hii inakula kalori nyingi, na hesabu za kwenye simu mara nyingi haziijui. Tena wapo watu ambao wakilishwa zaidi, mwili unajichangamsha wenyewe: wanatembeatembea, wanachezesha miguu, na sehemu ya ziada inaungua bila wao kujua. Ndiyo maana siamini kanuni yoyote kuliko mizani na daftari.

Saa nne. Mayai matatu ya kuchemsha, mkate vipande viwili. Dakika kumi, narudi kazini.

Saa saba mchana. Wali, kuku, mboga kidogo. Mwenzangu ananiuliza, "Kaka, wewe hushibi?" Nashiba, tena mapema. Wengi wanaosema wanakula sana na hawanenepi wanaukumbuka mlo mmoja mkubwa, wanasahau kwamba baada yake walishinda na chai tupu hadi usiku. Mimi nafuata saa. Hamu ikija ni vizuri, isipokuja nakula vilevile. Na kwa kuwa tumbo lina mwisho wake, natafuta chakula chenye kalori nyingi katika nafasi ndogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kikimwagwa juu ya wali kinaleta kama kalori 120, na sahani haionekani kuongezeka.

Saa kumi. Konzi ya karanga na ndizi.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Jimu. Chakula cha ziada bila vyuma kinaishia kiunoni, kwa hiyo sehemu hii siikwepi. Leo ni siku ya miguu: skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, kilo mbili na nusu juu ya wiki iliyopita, marudio yaleyale. Misuli ikilazimishwa hivyo ndipo protini inapopata kazi. Nalenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani 102 hivi kwa siku. Nikizidisha kidogo sidhuriki, ila kurundika protini tupu hakusaidii, kwa sababu inashibisha haraka na kuufukuza wali.

Saa mbili usiku. Huu ndio mlo mgumu kuliko yote. Nimechoka, na baada ya skwati tumbo limejifunga. Maji nayaacha hadi nimalize kula. Naanza na samaki na viazi, mboga naziweka mwisho, kwa sababu zikitangulia zinajaza nafasi. Kijiko cha ziada cha mafuta nakitia kwenye viazi vilivyopondwa, na hapo kalori 200 zimetimia. Nikikwama katikati, nainuka, naosha vyombo robo saa, narudi kumalizia. Kujilazimisha hadi kichefuchefu sikubali. Mtu akifika huko, kesho yake anaichukia sahani, na kazi hii ni ya miezi.

Saa nne usiku. Bakuli la mtindi, huku mayai ya kesho yakichemka. Wali naugawa kwenye vyombo vyenye mifuniko, oti nazipima kabisa, kisha nalala, maana nikilala chini ya saa saba vyuma vya kesho vinakuwa vizito.