Ripoti ya dagaa na seva niliyoambiwa ninunue

Mtaalamu niliyempigia simu Dar kuhusu ripoti yetu inayochelewa aliniambia ninunue seva mpya, milioni nne na ushee. Hakuuliza hata ni kweri gani, yaani ombi gani la data kwa hifadhidata, inakwama. Ushauri wa namna hiyo unaniudhi mpaka leo.

Natunza hifadhidata (inaendeshwa na programu ya PostgreSQL) ya wafanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Makarani 30 hufungua ripoti ya mwezi alfajiri, mitumbwi ikifika mwaloni, na ilikuwa inachukua dakika nne.

Mwingine akasema pandisha work_mem, kiasi cha RAM ambacho PostgreSQL hutumia kupanga data kabla ya kukimbilia diski. Nikaitoa kwenye 4MB za kawaida, nikaweka 512MB. Dakika nne zikawa mbili, na wiki nzima nikatembea kifua mbele. Kumbe ilikuwa wiki ya mbalamwezi! Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi hulala nchi kavu, na makarani wanaoingia ni wawili watatu tu. Giza liliporudi, saa kumi na moja alfajiri wakaingia wote 30. RAM ikaisha, Linux, mfumo unaoendesha seva, ikaua mchakato mmoja wa PostgreSQL, kila mtu akakatwa. Kwenye logi, kumbukumbu ya matukio ya seva: "signal 9: Killed". Mama mmoja mwenye magunia yake akaniuliza, "Mwanangu, hesabu yangu iko wapi?" Nilikosa la kumjibu.

Work_mem haigawanwi na seva nzima. Kila upangaji, ndani ya kila kweri, ya kila aliyeingia, unaweza kuchukua kiasi hicho. 512MB mara 30 ni GB 15, na seva yangu ina RAM ya GB 8.

Hapo ndipo nikaendesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha kweri inavyotekelezwa na muda inaochukua. Seq Scan, yaani kusoma jedwali mstari kwa mstari! Indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya safu ya tarehe, imepokelewa, ipo, lakini inasomwa jedwali zima la miaka yote, kwa sababu kweri iliandikwa date(imepokelewa), yaani safu imepitishwa kwenye fanksheni ya date. Ukiifunga safu ndani ya fanksheni, indeksi ya kawaida ya safu hiyo haitumiki. Nikaandika upya: kuanzia tarehe mosi, hadi kabla ya tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Sekunde tatu!

Upangaji bado ulikosa nafasi kwenye RAM ukamwagikia diski, ndiyo maana ya "external merge" niliyoiona. Basi makarani nikawapa ripoti ya siku, ya mwezi ikabaki kwa mhasibu, naye peke yake anaanza na SET work_mem = '256MB'. Wengine wote 16MB.

Ikabaki shared_buffers, RAM ya pamoja ambamo PostgreSQL huweka data inayosomwa, kutoka 128MB kwenda 2GB, robo ya RAM. Hiyo haishiki mpaka PostgreSQL izimwe na kuwashwa. Nikasubiri usiku wa mwezi mpevu, mwalo ukiwa mtupu, nikaizima saa tano.