Hiyo "ane" umeitoa wapi

Juzi baada ya Isha mwanangu wa darasa la sita kaniletea daftari lake la Kiswahili. Kauli za vitenzi. Kutenda kamaliza, kutendea kamaliza, kutendwa kaiboronga lakini ipo, imebaki kutendana na mwalimu wao anataka mifano mitano. Nikamtajia harakaharaka bila kunyanyua macho kwenye simu: pigana, gombana, tukanana, sukumana. Akaandika yote minne, kisha akaniangalia.

"Baba, mbona zote za ugomvi?"

Mtu aliyewahi kuandikia kijarida cha amani, fikirieni. Nikacheka, nikataka angalau ule wa tano uwe wa maana, na neno lililonijia likanikwama kooni. Sameheana. Sikulitoa. Nikamwambia ngoja kwanza nifikiri, nikatoka nikakaa barazani, na nadhani mpaka leo anaamini babake sarufi haijui.

Ile miaka ya Wete, kule Pemba, mnaijua, nshaisema sana humu: chumba cha kupanga Jadida, mshahara wa ualimu unaokuja ukitaka wenyewe, umeme wa majenereta ya Wesha nao vilevile. Makala nilikuwa naandika usiku kwa taa ya chemni, kwa mkono, halafu Jumamosi napeleka kuchapiwa. Kijarida chenyewe karatasi mbili za A4 zikikunjwa ndo kurasa nane, pini katikati, nakala mia mbili tukipata pesa na mia tukikosa. Jina silitaji, waliokuwemo wanajua.

Mhariri wetu mzee mmoja mstaafu, alikuwa na rafiki yake anamletea kutoka London matoleo ya zamani ya Peace News, gazeti la watu wasiotaka vita kabisa, vita vyovyote, lipo tangu 1936. Anayasoma kwa kalamu mkononi, anapiga mistari. Humo ndimo alimookota ile alama ya War Resisters' International, chama cha tangu 1921, mikono miwili imeshika bunduki na kuivunja katikati, akataka lazima ikae juu ya ukurasa wetu wa mbele. Kijana wa fotokopi kaiangalia weee, karudisha karatasi.

"Mzee, mie picha ya bunduki sipigi."

"Hii si imevunjika!"

"Hata kama imevunjika. Watakuja kuniuliza kipande cha pili kiko wapi."

Na kweli ukikumbuka ilikuwa miezi mingapi tu baada ya zile risasi za Januari 2001, kijana alikuwa na haki yake. Tukaweka njiwa. Njiwa akipita kwenye ile mashine mara tatu anatoka kama kuku wa kienyeji, lakini ndo hivyo, tulikuwa na kuku wetu wa amani.

Makala yangu ya kwanza niliandika juu ya Dar es Salaam ya mwaka 1962, walipokuja wale World Peace Brigade, wamo Wamarekani weusi wawili, Bayard Rustin na Bill Sutherland, na padri wa Kiingereza Michael Scott, wakaweka kituo pale wakipanga matembezi makubwa ya watu wasio na silaha kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kumuunga mkono Kaunda aliyekuwa anadai uhuru. Matembezi hayakufanyika, mambo ya uchaguzi yakaja yakaenda kwa njia nyingine. Kwa hiyo makala yangu ya kwanza ilikuwa juu ya maandamano ambayo hayakuandamana. Watu waliisifu sana. Sasa hivi nikikumbuka naona kwa nini niliichagua, kulikuwa na maandamano mengine karibu zaidi, yaliyoandamana kweli, na hayo sikuyagusa.

Basi Oktoba 2002 unatimia mwaka mmoja tangu Muafaka, yale mapatano ya CCM na CUF, utiwe saini, ile tarehe 10, mzee akasema toleo hili liwe maalumu na ukurasa wa mbele andika wewe mwalimu. Nikaandika. Wallahi niliandika. Nilitaja Jumamosi ile ya Januari 27, watu wametoka kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, risasi, Unguja na Pemba zaidi ya watu 30 hawakurudi makwao, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya kuvulia, nikazunguka zunguka na maneno mazuri, na kichwa cha habari kikawa neno moja kwa herufi kubwa: TUSAMEHEANE. Nililala nimeridhika kama mtu aliyejenga.

Kugawa tulikuwa tunagawana wenyewe. Mimi nikapewa ng'ambo ya Mtambwe kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja alikuwa wa huko, nikapanda mtumbwi pale bandarini Wete na nakala ishirini ndani ya mfuko wa rambo zisirowe. Msimu wa karafuu, kijiji kizima kinanuka, majamvi yametandazwa kila uwanja mpaka unatafuta pa kukanyaga. Nikafika kwa bibi yake yule mwanafunzi. Nilijua, kila mtu alijua, kwamba mwanawe wa mwisho alitoka asubuhi ile ya Jumamosi. Sikwenda kwa ajili hiyo lakini. Au nilikwenda kwa ajili hiyo, sijui.

Nikamkuta, chechei, karibu, kakaa chini anachambua. Mnaojua mnajua, unakamata shada, unalisugua kiganjani, karafuu zinaangukia huku, makonyo unayatupa kule, na vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo vya pili na haviangalii, vinafanya tu. Nikampa kijarida, akakipokea kwa mikono miwili, akakiangalia yule kuku, akanirudishia. "Nisomee, mwanangu. Macho yenyewe haya."

Nikakaa ukingoni mwa jamvi nikasoma. Sauti yangu ya darasani, ile ya kusomea imla. Yeye anachambua. Kila sentensi yangu nasikia makonyo yanavyokatika, tk, tk, tk, na hakusema neno nilipotaja Januari, mikono haikusimama, nikajipa moyo nikaendelea, mpaka nikafika chini kule nilikokuwa naona ndo pametulia, pale pa "ndugu zangu, wakati umefika, tusameheane". Mikono ikasimama.

"Hebu rejea hapo."

"Tusameheane."

"Tusamehe-ane." Akalikata mwenyewe. "Hiyo ane umeitoa wapi?"

Mimi mwalimu wa Kiswahili, jamani. Nikadhani labda hajasikia vizuri, nikaanza kumueleza, maana yake sisi sote, kila mmoja na mwenziwe. Akaninyanyulia kiganja, cheusi, kina vumbi la karafuu.

"Kusamehe nakujua. Kusameheana ni watu wawili, huyu na huyu. Mie niko hapa, n'mekaa, karafuu zangu hizi. Mwenzangu yuko wapi?"

Nikanyamaza.

"Na mie n'memkosea nani, hata na yeye anisamehe?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, tulishasoma kwenye yale magazeti namna ya kumtuliza mtu mwenye hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. Anataka kujua. Na mimi nikajibu jambo ambalo mpaka leo nikioga likinijia nasema kwa sauti "aah!" peke yangu bafuni. Nikamwambia, "Ni namna ya kusema tu, Bi Mkubwa."

"Namna ya nani?"

Hapo likaanguka tone la kwanza, vuli haina hodi, na kila mtu kijijini akapiga kelele kwa pamoja, mvua, mvua, anueni! Tukainuka, mimi upande mmoja wa jamvi yeye upande wa pili, tukakunja na kukokota mpaka chini ya paa la makuti, kisha jamvi la jirani, kisha la jirani wa pili, nimelowa mpaka kwenye soksi. Kijarida kilikuwa juu ya jamvi la kwanza. Tulikianua pamoja na karafuu zake na sikukiona tena, huenda kilikwenda mpaka kwenye mizani. Mvua ilipokatika akanipa chai ya tangawizi na muhogo, tukazungumza bei ya karafuu mwaka ule na mjukuu wake anavyopenda mpira, na zile nakala kumi na tisa zilizobaki nikarudi nazo Wete.

Nilimwambia mzee usiku uleule. Nikamwambia toleo lijalo tuandike kwamba tumekosea neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda akaleta lile tamko la wale wa bunduki iliyovunjwa, ambalo yeye alikuwa amelitafsiri kwa mkono wake kwenye daftari. Vita ni jinai dhidi ya ubinadamu, kwa hiyo nimeazimia kutounga mkono vita vya aina yoyote, na kujitahidi kuondoa sababu zote za vita.

"Unaona," akasema, "hapa hakuna ane. Nimeazimia. Mtu mmoja. Humngoji mwenzio."

"Basi ningeandika nimesamehe?"

"Ungeandika." Akavua miwani. "Lakini wewe una nini cha kusamehe? Wenu wote walirudi."

Ni kweli, wetu wote walirudi. Ile siku ya Januari mimi nilikuwa ndani, nimefunga dirisha, nasahihisha madaftari.

Nikamwonyesha tamko mwisho wake, hapo pa sababu zote, nikamuuliza na yule bibi si anauliza hilohilo, kwamba kuna mtu aje kwanza aseme kitu? Tukabishana mpaka mafuta ya taa yakaisha, wazee wa amani wawili tunapigiana kelele gizani, jirani akagonga ukuta. Marekebisho hayakutoka. Alisema hiyo ni sarufi tu, wasomaji watachanganyikiwa. Nikaandika makala mbili nyingine, moja juu ya kusafisha visima, nikaacha. Mwaka uliofuata gazeti la Dira likafungiwa, Novemba 2003, sisi hata hatukuwa gazeti lakini kijana wa fotokopi akasema sasa hata kuku hapigi, na mambo yakaishia hapo.

Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana na watu wakaanza kusema maridhiano, maridhiano, nilikuwa kwenye daladala Unguja, nikajikuta nalikata neno kichwani. Ridhi-ana. Muafaka haukuwa na hiyo, hili linayo. Julai 2010, kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, nikapiga ya ndiyo, pamoja na hao asilimia 66, nikiwa nimesimama kwenye foleni namfikiria mwanamke ambaye sikuwahi kurudi kumsalimia. Angepiga ipi? Kisha ikaja 2015 na uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, na sina hamu ya kusema.

Niliporudi ndani juzi mtoto kashalala, daftari liko wazi mezani. Mfano wa tano kajaza mwenyewe. "Achana." Leo karudi nalo skuli, mitano kwa mitano, na mwalimu kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, vizuri sana.