Kumbukumbu ya mradi: kichanja cha korosho na wiki moja ya msimu, Newala

Hali ya mradi kwa sasa: ekari moja nje kidogo ya mji, mikorosho 28 iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Nguvukazi ni wastaafu wawili, mgongo mmoja mbovu na magoti manne ya kubembelezwa. Tupo wiki ya mwisho ya Oktoba, korosho zinadondoka kwa wingi na mvua za kwanza bado hazijafika.

Kinachowabana watu wawili wa umri huu si kuokota. Kuokota kunaweza kugawanywa asubuhi na jioni, mtu akaokota akiwa ameketi kwenye kigoda. Kazi ngumu iko uani: kuinama kugeuza korosho chini, kuzizoa kabla ya giza, kuzitandaza tena asubuhi. Na ni uani humo humo ambako korosho iliyotoka shambani ikiwa daraja la kwanza inaondoka ikiwa la pili. Kwa hiyo msimu huu juhudi zote zimewekwa kwenye kichanja, meza ya wavu ya kuanikia korosho.

Jumatatu: kuokota na kutenganisha

Chini ya miti pamefyekwa na kufagiwa tangu Septemba. Majani makavu yamekusanywa pembeni, hayachomwi chini ya mti, kwa sababu moto mdogo tu unababua matawi ya chini, na mkorosho huzaa nchani mwa matawi.

Usitikise tawi wala usipige kwa upondo. Korosho iliyokomaa hudondoka yenyewe na bibo lake, yaani tunda lenye nyama linaloishika. Iliyolazimishwa huwa na ganda la kijani na kokwa iliyosinyaa ndani, na chache za namna hiyo zinatosha kushusha sampuli ya gunia zima.

Kila mti upitiwe angalau kila baada ya siku moja. Wakati wa ukavu korosho yenyewe huvumilia kukaa chini hata wiki, lakini bibo halivumilii. Likiozea juu ya korosho linaacha doa jeusi kwenye ganda, na mbuzi wa jirani wakilifuata wanazisambaza korosho hadi kwenye majani ambako hazionekani. Mvua ikishaanza, okota kila siku bila kujadiliana.

Kwa mwenye mgongo: mwanzi wa mita 1.2 wenye msumari wa inchi tatu uliochongwa ncha. Unachoma bibo, hugusi korosho, kisha unalikwangua kwenye ukingo wa ndoo. Msumari ukipita kwenye ganda la korosho, mafuta yake makali yanatoka na kokwa inachafuka. Afadhali kulikosa bibo mara mbili kuliko kuitoboa korosho mara moja.

Kutenganisha: shika bibo kwa mkono mmoja, korosho kwa mwingine, zungusha kidogo kisha vuta. Mara nyingi kipande cha nyama ya bibo hubaki kwenye kitako cha korosho. Hicho ndicho kinachochacha kichanjani, kinavuta nzi na ukungu. Uzi wa nailoni uliokazwa kati ya vigingi viwili unakikata safi kuliko kisu: unapitisha korosho kwenye uzi, kipande kinaanguka. Mtu aliyeketi anafanya kazi hii huku akisikiliza taarifa ya habari.

Mabibo hayangoji kesho. Yaliyodondoka yamepondeka, yanafaa mbuzi, na kwa wengine wanaojulikana, uraka, pombe ya mabibo. Kwa juisi chuma machache mtini, yaliyoiva na bado magumu. Ukakasi wake unapunguzwa kwa maji ya uji mwepesi wa mchele: changanya kwenye juisi iliyokamuliwa, koroga, iache itulie hadi mashapo yashuke, kisha mimina ya juu polepole na uichuje kwa kitambaa. Ukiikoroga wakati wa kumimina, ukakasi wote unarudi kwenye glasi.

Jumanne: kichanja chenyewe

Vipimo: urefu mita 3, upana sentimita 90, kimo sentimita 85. Upana umefuata wavu wa dukani wa futi tatu, ili usikatwe. Kimo kimefuata kiwiko: mtu anasimama wima na kugeuza korosho kwa mkono mmoja bila kuinama.

Vifaa: nguzo 8, nne kila upande, zimepishana mita moja. Zimefukiwa sentimita 40, na sehemu ya chini imepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Fremu ni mbao za mbili kwa nne. Juu yake papi 11 zimekatiza upana, moja kila sentimita 30. Kisha wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, umekazwa kwa misumari ya kupinda.

Papi hizo 11 ndizo roho ya kichanja. Ukiziweka kila sentimita 60 ili kuokoa mbao, wavu unabonyea katikati, korosho zinajikusanya kwenye mashimo hayo, za juu zinakauka na za chini zinabaki na unyevu. Kwa macho zote zinafanana. Tofauti inajitokeza ghalani.

Wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja ni rahisi, ila korosho ndogo zinapenya na kuanguka. Wa nusu inchi unapitisha vumbi, mchanga na vipande vya bibo vilivyokauka, kwa hiyo kila unapogeuza unakuwa umechekecha pia. Kwenye sakafu ya saruji uchafu huo unabaki na korosho hadi kwenye gunia.

Uwezo wake: tabaka la sentimita tano kwenye eneo la mita za mraba 2.7 ni karibu lita 135. Ndoo ya lita 20 huchukua kilo 11 hadi 12 za korosho, kwa hiyo kichanja kimoja kinabeba karibu kilo 77, pungufu kidogo ya gunia la kilo 80. Kishawishi cha kujaza tabaka la sentimita kumi kipo kila jioni ya okoto kubwa. Kikishinda, siku za kuanika zinaongezeka na hakuna kilichookolewa. Ziada itandazwe kwenye mkeka.

Jumatano: jua, ukungu na turubai

Huku juu ya uwanda wa Makonde asubuhi zina ukungu. Korosho hazifunuliwi hadi umande ukauke juu ya turubai, mara nyingi kuelekea saa tatu. Kisha zinatandazwa na kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kwa reki ya mbao isiyo na meno makali. Saa kumi na moja zinasogezwa katikati, zinafunikwa kwanza kwa gunia la juti, ndipo turubai juu yake. Turubai likilala moja kwa moja juu ya korosho zilizoshiba joto la mchana, linatoa jasho usiku na asubuhi safu ya juu imeloa. Gunia la juti linanyonya jasho hilo. Pande mbili za turubai ziachwe wazi kiasi cha kiganja ili hewa ipite.

Jua la siku mbili hadi tatu linatosha. Kipimo cha nyumbani ni ukucha wa dole gumba: ukiubonyeza kwenye ganda na ukaacha alama, bado. Korosho kavu inauma ukucha. Ukizimwaga kutoka mkononi kwenda kwenye ndoo ya bati zinalia kavu, kama kokoto. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 10.

Hapa wengi hupiga hesabu mbaya. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikauka hadi asilimia 9 zinabaki karibu kilo 88. Kilo 12 zimeondoka, na moyo unauma. Lakini kilo hizo ni maji. Ukizipeleka nazo, karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho, ataingiza mkono kwenye gunia, atachukua korosho chache katikati, na atasema, “Mama, hizi rudi nazo zikapate jua.” Usafiri wa kwenda na kurudi ni wako. Asipozigundua ni balaa zaidi, kwa sababu gunia moja bichi linachemka ghalani na kuambukiza ukungu magunia yaliyoligusa, na mnunuzi anapopima sampuli, bei ya shehena ya kila mtu inaguswa.

Alhamisi: kuchambua na kupasua sampuli

Uchambuzi unafanyika kwenye kichanja hicho hicho, mmoja kila upande. Ondoa zilizosinyaa, zenye madoa meusi, zilizotobolewa na wadudu, na nyepesi. Ukiwa na shaka, chukua chache uzitie kwenye ndoo ya maji: nzima huzama, mbovu huelea. Ni kipimo cha sampuli tu. Usiloweshe mzigo uliokwisha kuukausha.

Baada ya hapo tunapasua kilo moja, iliyochotwa juu, katikati na chini. Hesabu idadi kwanza: zikiwa chini ya 200 kwa kilo, ni korosho kubwa. Pasua kila moja kwa mkasi wa kupogolea miti, kwa urefu, ukifuata mgongo wake. Mikono ipakwe mafuta ya kula au majivu kabla ya kuanza, na bora zaidi ni glavu. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na ukijipangusa jicho siku yako imekwisha. Tenga kokwa katika mafungu matatu: nzuri, zilizoharibika kidogo, na zisizofaa.

Pima kwa mzani wa jikoni kwa gramu. Chukua uzito wa nzuri, ongeza nusu ya uzito wa zilizoharibika kidogo, zidisha kwa 0.176. Jibu ni ratili za kokwa kwa gunia la kilo 80, ndicho kipimo ambacho wanunuzi huita auti-tani. Mfano: nzuri gramu 260, zilizoharibika kidogo gramu 20. 260 na 10 ni 270, mara 0.176 ni ratili 47 na nusu. Kwa korosho za huku hiyo ni hali nzuri. Jibu likishuka sana, angalia fungu la tatu linasema nini. Kokwa zilizosinyaa ni habari ya mti: ugonjwa wa ubwiri unga wakati wa maua, au kutikisa matawi. Kokwa zenye ukungu ni habari ya kichanja na turubai.

Kokwa nzuri za sampuli hazitupwi. Zinakaushwa, zinamenywa ngozi, zinatwangwa na kuingia kwenye kisamvu cha nazi.

Ijumaa: AMCOS

Kupeleka ni asubuhi, kwa kuwa mchana watu wako msikitini na foleni inasimama. Wazee wawili hawanyanyui kilo 80. Korosho zinasafiri kwenye guta katika magunia ya nusu nusu, kisha zinajazwa kwenye gunia kamili pale pale penye mzani. Ziwe kwenye juti. Salfeti haipitishi hewa, na korosho ndani yake hutoa jasho hata zikiwa kavu.

Kabla ya kupima, hakikisha mzani unasoma sifuri na gunia tupu limepimwa. La juti huwa karibu kilo moja. Kwenye stakabadhi kagua jina, daraja, kilo na namba ya akaunti, tarakimu moja moja, ukiwa bado umesimama mbele ya karani. Tarakimu moja ikikosewa, malipo ya wengine yanaingia na yako yanaelea.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, fedha haitoki siku hiyo. Mzigo unaenda ghala kuu, kwa sisi kupitia TANECU, chama kikuu cha ushirika kinachohudumia Newala na Tandahimba, halafu mnadani. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unaendeshwa kidijitali kupitia TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, na wakulima wanaikubali bei au kuikataa. Kwa hiyo bajeti ya nyumba ya Oktoba na Novemba isitegemee korosho hata kidogo. Unga, dawa za presha na ada ya wajukuu vitoke kwenye pensheni. Mwenye kuishiwa wiki hizi ndiye anayefuatwa na kangomba, mnunuzi wa magendo, na bakuli lake la kupimia linalozidi kilo kwa bei ya kutupa.

Jumamosi: matengenezo

Misumari miwili ya wavu imelegea upande wa jua la mchana, imerudishiwa. Papi ya saba ina ufa. Imefungwa waya hadi mbao nyingine ipatikane. Chini ya kichanja pamefagiwa, kwa sababu vipande vya bibo vilivyodondoka huko vinaleta siafu.

Kinachofuata kabla ya mvua: bati nne juu ya kichanja, kwenye fremu inayosukumwa pembeni jua likitoka. Mteremko uelekee nje ya ukuta, la sivyo maji yote yataishia kwenye magunia yaliyo barazani. Magunia hayo nayo yapandishwe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, yasiguse ukuta.